Emin Pasha: Gavana wa Lado aliyeacha jina lake kwa shomoro

Karibu na mahali ulipo leo mji wa Juba, daktari mmoja mzaliwa wa Ulaya aliongoza Jimbo la Ikweta kwa zaidi ya miaka kumi, huku akikusanya ndege, wanyama na mimea ambayo sayansi ya wakati wake haikuwa imeipa majina. Jimbo lake lilisambaratika na yeye akauawa ndani ya Kongo. Majina ya viumbe aliowakusanya yangali yanatumika hadi leo, na pamoja nayo limebaki swali zito: ni nani mwenye haki ya kukipa jina kiumbe kilichotoka katika ardhi ya watu wengine?

Kaskazini ya Juba, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile, kuna mahali panapoitwa Lado. Wakati wa utawala wa Misri hapo palikuwa makao makuu ya jimbo zima la Ikweta. Juba yenyewe haikuwa mji. Ilikuja kukua katika miaka ya 1920 chini ya Waingereza. Kituo kilichojulikana kabla ya Lado kilikuwa Gondokoro, upande wa pili wa mto, ambako homa ziliwaua watumishi na askari wengi. Mwaka 1874 Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Misri, aliyahamisha makao hayo kutoka Gondokoro hadi Lado.

Nchi hiyo ilikuwa, na bado ni, nchi ya Wabari, wakulima na wafugaji ambao hawakuulizwa kama waliutaka utawala wa Misri. Askari walikula nafaka ya wenyeji, walichukua ng'ombe wao, na walilinda maghala ya pembe za ndovu zilizosafirishwa kwenda Khartoum. Katika mazingira hayo, mwezi Mei 1876, alifika mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani, aliyejitambulisha kwa jina la Mehemet Emin. Alikuwa ameitwa na Gordon ili awe mganga mkuu wa jimbo.

Mtu mwenye majina mengi

Emin hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, uliokuwa chini ya Prussia na ambao leo unaitwa Opole nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mfanyabiashara. Mtoto alipewa jina la Isaak Eduard Schnitzer. Familia ilihamia mji wa Neisse alipokuwa angali mdogo sana. Baba alifariki mwaka 1845, mama akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri.

Kijana Eduard alisomea udaktari katika miji ya Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka 1864. Kwa sababu ya kukosa kutimiza taratibu za usajili kwa wakati, hakuruhusiwa kufanya kazi ya udaktari nchini mwake. Ndoto ya familia yake ya kuwa na daktari mwenye zahanati yake na heshima ya mtaani ikakatika hapo. Aliondoka akielekea katika milki ya Waturuki, akapata kazi ya udaktari wa karantini katika bandari ya Antivari, ambayo leo ni mji wa Bar nchini Montenegro.

Katika nchi hizo alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki. Alikuwa mwepisi wa lugha, na wepesi huo ndio uliomfungulia milango maisha yake yote. Baadaye aliingia katika utumishi wa Ismail Hakki Pasha, gavana wa Albania ya kaskazini. Gavana huyo alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alirudi nyumbani Neisse akiwa ameandamana na mjane wa bwana wake pamoja na watoto, akawatambulisha kama familia yake mwenyewe. Mwezi Septemba 1875 aliondoka ghafla, akamwacha mama huyo na watoto mikononi mwa jamaa zake. Doa hilo katika maisha yake halifutwi na mema aliyoyatenda baadaye.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alionekana Khartoum. Sasa alikuwa daktari Emin, jina lenye asili moja na Amin tunalolijua, yaani mwaminifu. Aliishi miongoni mwa Waislamu kama Mwislamu. Alifungua huduma ya matibabu, na wakati huohuo akaanza kukusanya mimea, ndege na wanyama na kuwapeleka katika makumbusho ya Ulaya.

Breslau na viumbe visivyoonekana

Inafaa tusimame kidogo katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, kwa kuwa katika chuo kikuu hichohicho alichosomea Emin alifundisha mtaalamu wa mimea aitwaye Ferdinand Cohn. Mwaka 1872 Cohn alichapisha kazi iliyojaribu kuwapanga bakteria katika makundi. Hadi wakati huo watu wengi waliotumia hadubini waliwaona viumbe hao kama vurugu tupu: vidoa vinavyotembea ndani ya tone la maji. Cohn alisema kwamba bakteria nao wana aina zao zinazodumu, kama vile ndege na mimea, na kwamba wanaweza kupangwa kwa kufuata maumbo yao: walio duara, walio kama vijiti vifupi, walio kama nyuzi au vijiti virefu, na waliojipinda. Jina Basilasi, linalotumika hadi leo kwa jenasi moja ya bakteria wanaoishi kwa wingi katika udongo na majani makavu, lilitoka kwake.

Mwishoni mwa Aprili 1876, daktari wa wilaya aliyekuwa hajulikani, Robert Koch, alifika Breslau kumwonyesha Cohn jinsi bakteria wa kimeta wanavyoishi na kuzaliana. Siku chache tu baadaye, mwezi Mei, Emin alishuka Lado. Hivyo kazi mbili za kuwatambua viumbe wapya zilikuwa zikienda sambamba: mmoja akiwatafuta wasioonekana kwa macho ndani ya maabara ya Ulaya, mwingine akiwatafuta wanaoonekana kando ya Mto Nile. Kanuni iliyoongoza kazi zote mbili ilikuwa ileile. Kwanza pata sampuli. Pili ifananishe na zote zinazojulikana. Tatu, kama hailingani na yoyote, ieleze kwa maandishi na uipe jina.

Mjumbe wa Gordon kwa Mutesa na Kabalega

Gordon alitambua upesi kwamba daktari wake angefaa kwa kazi nyingine pia. Mwaka 1876 alimtuma Buganda kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambako askari wa Misri walikuwa wamekwama katika makao ya mfalme wasijue kama wao ni wageni au wafungwa. Emin alifanikiwa kulimaliza jambo hilo bila vita. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro, mtawala ambaye Wazungu wengi walimwita katili, naye akarudi na maelezo ya heshima juu ya akili na adabu ya mwenyeji wake. Baadaye alikwenda tena Buganda.

Mwaka 1878 Emin aliteuliwa kuwa gavana wa Ikweta, akapewa cheo cha Bey. Cheo cha Pasha kilimfikia miaka ya baadaye, alipokuwa tayari amekatiwa njia zote za mawasiliano. Aliikuta serikali yenye madeni, maofisa walioishi kwa rushwa, na wafanyabiashara wa watumwa waliojificha nyuma ya bendera ya Misri. Aliwafukuza wengi wao na kuiweka sawa hazina. Hata hivyo tusimfanye malaika. Utawala wake ulikuwa utawala wa kigeni, ulitegemea askari na pembe za ndovu, na raia wa kawaida wa Kibari waliendelea kuubeba mzigo wa kuwalisha watu wasiowaalika.

Kazi ya kuwatambua viumbe

Katikati ya shughuli hizo Emin hakuacha kukusanya. Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Ndege aliyepigwa asubuhi katika joto la Lado huanza kuoza kabla ya jua kutua. Ni lazima achunwe haraka, ngozi na manyoya visichanike, mafuta yakwanguliwe, ngozi ikaushwe na kuwekwa dawa ya kuzuia wadudu. Kisha hufungwa kijikaratasi chenye tarehe, mahali, jinsia, na vipimo vya mwili. Sampuli isiyo na karatasi hiyo ni pambo tu. Emin alijulikana kwa uangalifu wake katika jambo hili. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini vipimo vyake vilikuwa sahihi na maandishi yake madogo yalisomeka.

Vifurushi viliteremka na mto hadi Khartoum, vikavuka jangwa hadi Misri, kisha bahari hadi Ulaya. Huko Bremen vilipokewa na Gustav Hartlaub, daktari na mtaalamu wa ndege. Huko Vienna vilimfikia August von Pelzeln. Mikusanyo mingine iliingia katika makumbusho ya London, ambako Oldfield Thomas aliwachambua wanyama wanyonyeshao. Wataalamu hao ndio waliokaa na ngozi mezani, wakazilinganisha na zilizokuwamo kabatini, na kuamua ni ipi iliyo mpya.

Mwaka 1880 Hartlaub alimweleza shomoro mdogo mwenye rangi ya kahawia iliyokolea, aliyekusanywa Lado, akampa jina la Emin Bey. Ndege huyo kisayansi anaitwa Passer eminibey. Kwa wanasayansi, Lado ndiyo makao ya sampuli ya kwanza ya spishi hiyo, yaani mahali pa kurejelewa kila mtu anapotaka kuhakikisha kwamba ndege aliyemshika ni yuleyule. Shomoro huyo anapatikana pia Uganda, Kenya na Tanzania, na huonekana karibu na vijiji na mabwawa. Msikilizaji aliyekulia katika nchi hizo huenda amemfukuza shambani mara nyingi asijue kwamba amebeba cheo cha gavana.

Mwaka 1882 Hartlaub alieleza ndege mwingine, wa jamii ya mbwigu, wale wenye desturi ya kuwachoma wadudu kwenye miiba. Safari hii hakutumia jina la Emin moja kwa moja bali kazi yake. Ndege huyo anaitwa Lanius gubernator, yaani mbwigu wa gavana. Miaka kumi na minane baada ya kifo cha Emin, mwaka 1910, sampuli aliyoikusanya katika nchi ya Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya Kongo, ilitambuliwa kuwa aina ya panya buku, ikaitwa Cricetomys emini. Ndugu wa karibu wa panya huyo ndiye anayefunzwa leo mjini Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na kutambua makohozi yenye bakteria wa kifua kikuu.

Njia inafungwa

Mto uliomleta Emin ndio uliomfungia. Kaskazini ya Lado, Nile hupita katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd, ambako majani na mafunjo hushikamana na kuwa kama ardhi inayoelea. Kati ya mwaka 1878 na 1880 njia ya maji iliziba, meli zisiweze kupita. Ilipofunguliwa, balaa kubwa zaidi lilikuwa njiani. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi na kuanzisha vita dhidi ya utawala wa Misri. Kuanzia mwaka 1883 Lado haikupata tena meli. Mwezi Januari 1885 Khartoum iliangukia mikononi mwa Mahdi na Gordon akauawa.

Emin alijikuta gavana wa jimbo lisilo na serikali nyuma yake. Hapakuwa na mishahara, baruti, dawa wala nguo. Watu wake walifuma nguo za pamba, wakatengeneza sabuni kwa mafuta na majivu, wakatumia asali badala ya sukari. Majeshi ya Mahdi yalipokaribia alihamisha makao kwenda kusini hadi Wadelai, karibu na Ziwa Albert, katika nchi ambayo leo ni Uganda. Pamoja naye walikuwa Gaetano Casati, msafiri wa Kiitaliano, na Wilhelm Junker, mpelelezi mzaliwa wa Urusi. Mapema mwaka 1886 Junker aliondoka, akapita Bunyoro na Buganda, na mwishoni mwa mwaka akafika Zanzibar akiwa na barua za Emin. Ulaya ikasikia kwamba gavana wa mwisho wa Gordon yu hai.

Huko Wadelai alikuwa na binti, Ferida, aliyezaliwa mwaka 1884 kwa mama wa Kihabeshi. Mama huyo alifariki, na mtoto akalelewa katika kambi ya askari, katikati ya lugha nyingi na habari za vita.

Msafara wa Stanley

Henry Morton Stanley alichaguliwa kuongoza msafara wa kumwokoa Emin. Mwanzoni mwa 1887 alipita Zanzibar, akaandikisha mamia ya wapagazi, akawazungusha kwa meli hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha akaingia katika msitu wa Ituri. Wazanzibari wengi walikufa njiani kwa njaa, vidonda, maradhi na mishale. Aprili 1888, Stanley alipokutana na Emin kando ya Ziwa Albert, mambo yalikuwa kinyume cha matarajio: waokoaji walikuwa wamechakaa na wenye njaa, na aliyekwenda kuokolewa alikuwa nadhifu, akawapa chakula na nguo.

Emin hakutaka kuondoka. Aliona kwamba kuwaacha watu wake ni usaliti, naye alitumaini kwamba angeletewa baruti na vitu ili abaki. Lakini kufika kwa Stanley kulizidisha hofu. Askari walidhani wangepelekwa utumwani katika nchi ya mbali. Agosti 1888 waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile pamoja na Mounteney Jephson, ofisa wa Stanley. Alipoachiliwa hakuwa tena na jimbo. Aprili 1889 msafara uliondoka ukiwa na Emin, binti yake na mamia ya watu, wakielekea pwani.

Katika safari yote hiyo Emin aliendelea kuchuna ndege na kuandika vipimo, jambo lililomkera Stanley, ambaye haraka yake ilikuwa kufika. Tarehe 4 Desemba 1889 waliingia Bagamoyo. Usiku huohuo Wajerumani waliwafanyia karamu. Emin, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kabisa, alianguka kutoka dirishani ghorofani akaumia vibaya kichwani. Alilazwa kwa wiki nyingi. Stanley akaendelea na safari yake ya sifa bila yeye.

Kifo cha Kinena

Alipopona, Emin hakurudi Ulaya. Aliingia katika utumishi wa Ujerumani, na mwezi Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo akiongoza msafara kuelekea maziwa makuu. Aliyemsindikiza ni mwanasayansi kijana wa wanyama, Franz Stuhlmann. Walipandisha bendera ya Ujerumani Tabora, na mwezi Novemba 1890 wakaanzisha kituo cha Bukoba kando ya Ziwa Viktoria. Mtu ambaye zamani aliwatetea wenyeji mbele ya Wazungu sasa alikuwa mmoja wa mikono iliyoichukua Tanganyika kwa ajili ya dola nyingine, na katika safari hiyo alipambana kwa ukali na wafanyabiashara wa Kiarabu.

Mwaka 1891 aliingia Kongo bila idhini, akiwa na matumaini ya kuwaona tena watu wake wa Ikweta. Ndui ikazuka kambini. Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann arudi mashariki na watu wenye afya, pamoja na mikusanyo. Yeye alibaki na wagonjwa. Uamuzi huo uliwaokoa wengi na kuziokoa sampuli, lakini ulimwacha karibu kipofu, na wafuasi wachache, katika msitu uliokuwa ukiingia vitani. Wakati huo Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ilikuwa ikipigana na watawala wa Kiarabu na Kiswahili wa Kongo ya mashariki.

Alijaribu kufika Mto Kongo kwa kupita katika nchi iliyokuwa chini ya watawala hao. Oktoba 1892 alifika Kinena. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye na watu waliohusika, wafuasi wake walishawishiwa kwenda mashambani kutafuta chakula, naye akabaki ameketi mezani, ndege na wadudu aliokuwa akiwashughulikia wakiwa mbele yake. Hapo alikamatwa na kukatwa koo, kwa amri ya mtawala aliyejulikana kama Kibonge. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Yaliyobaki

Urithi wa Emin una sura tatu, na hatuwezi kuichagua moja na kuzificha nyingine.

Sura ya kwanza ni ya watu. Askari waliobaki Ikweta baada ya yeye kuondoka, wakiongozwa na Selim Bey, walichukuliwa mwaka 1891 na Frederick Lugard kwenda kuitumikia kampuni ya Kiingereza nchini Uganda. Wao na familia zao ni miongoni mwa mababu wa Wanubi wa leo, wanaoishi Bombo nchini Uganda, Kibra jijini Nairobi na kwingineko. Lugha yao ya Kinubi ilizaliwa kutokana na Kiarabu cha kambi za jeshi za Sudan Kusini. Kwa miongo mingi Wanubi wa Kenya wamelazimika kupigania kutambuliwa kuwa raia kamili. Wasikilizaji walioishi ugenini wanajua uzito wa kuulizwa kila mara umetoka wapi.

Sura ya pili ni ya sayansi, nayo ina giza lake. Pamoja na ndege na panya, Emin alipeleka London mifupa ya binadamu wawili wa jamii ya Waaka, watu wa msituni waliokuwa wakiitwa mbilikimo, na mwaka 1888 ikaelezwa katika jarida la kisayansi kama vielelezo. Waliokuwa watu, wenye mama na jamaa, waligeuzwa kuwa sampuli. Mkono uleule uliompima shomoro kwa uangalifu haukuona mpaka uliopaswa kuheshimiwa.

Sura ya tatu ni ya majina. Katika Passer eminibey limo jina la gavana. Katika maelezo ya spishi hiyo limo jina la mtaalamu wa Bremen. Mwindaji wa Lado aliyejua mti ambao ndege huyo hulala, mtoto aliyemtega, na mpagazi aliyebeba sanduku hadi melini hawamo katika jina lolote. Wala jina ambalo Wabari walimwita ndege huyo kwa vizazi vingi halikuingia katika kitabu. Kwa sayansi ya karne ya 19, kiumbe kilikuwa kipya siku kilipofika Ulaya, hata kama wenyeji walikifahamu tangu enzi za mababu.

Je, jambo hilo limepitwa na wakati? Hapana. Ndege wa Sudan Kusini wengi wamekwisha kupewa majina, lakini bakteria walio katika udongo wa Lado, katika matope ya Sudd na katika maji ya Nile ni dunia ambayo bado haijaorodheshwa. Mashapo ya kinamasi hukosa hewa ya oksijeni, na humo huishi viumbe vidogo vinavyoozesha mafunjo na kutoa gesi ya methani. Antibiotiki nyingi zinazotumika hospitalini zilitokana na bakteria wa udongo. Kijiko kimoja cha udongo kinaweza kuwa na thamani kuliko pembe za ndovu zilizojaza maghala ya Emin.

Kanuni za kuwapa bakteria majina zimebadilika tangu zama za Cohn. Umbo peke yake halitoshi. Mtafiti husoma mpangilio wa vinasaba vya bakteria na kuulinganisha na wa spishi zinazojulikana, huchunguza anakula nini na anastawi katika joto gani, kisha huchapisha maelezo na jina. Aidha, ni lazima bakteria hao walio hai wawekwe katika hazina mbili za kuhifadhia, zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti yeyote aweze kuwapata na kuhakikisha. Sharti hilo ni la haki kisayansi. Lakini linamaanisha pia kwamba nchi isiyo na maabara, umeme wa uhakika na majokofu ya kuhifadhia itabaki kutoa udongo, na wengine watatoa majina.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975, na vita viliwalazimisha wanafunzi na walimu wake kuhamia Khartoum kwa miaka mingi kabla ya kurudi. Kijana anayesoma biolojia humo leo yuko karibu na Lado kuliko alivyopata kuwa Hartlaub. Akipata hadubini, mashine ya kusomea vinasaba na jokofu lisilozimika, anaweza kuandika maelezo ya kiumbe kipya akiwa katika ardhi yake, na akakipa jina la Kibari, la Kidinka au la Kizande.

Emin Pasha alikufa mezani pake, akiwa na ndege na wadudu mbele yake. Jimbo alilolitawala halipo tena katika ramani, na vyeo alivyopewa havina mwenyewe. Shomoro wa Lado angali anaruka kando ya Nile na jina la gavana huyo, na chini ya miguu yake, ndani ya udongo, wako viumbe wasiohesabika wanaongoja kutambuliwa.